Ufunguo Uliovaa Shanga

Habari za kifo cha fundi wetu wa Kakuma zilinikuta hapa Lodwar kwenye foleni ya maji, nimekalia jerikeni langu la manjano, ninaota mchana kama kawaida yangu. Siku hiyo nilikuwa ninaota nimenunua eskaveta yangu mwenyewe, ninapita nayo katikati ya mji, na watu wananipungia mikono. Simu ikalia. Alikuwa jirani wa fundi, mama mmoja muuza mkaa. "Papa ametuacha," akaniambia. "Alikuwa amekaa kwa kile kiti chake cha tairi, kikombe kiko kwa mkono, tukasema amelala. Tukamwita amalize chai kabla haijapoa. Kumbe." Nikampa pole, nikauliza mazishi ni lini, nikakata simu, halafu likatokea jambo ambalo naomba msinihukumu kwalo: nilicheka. Kulia nililia baadaye, tena sana, lakini kicheko kilitangulia. Nilipojiuliza mtu aliyenitania kwa simu Jumapili anawezaje kunyamaza ghafla namna hiyo, swali lililonijia kichwani lilikuwa lake yeye, kwa sauti yake yeye: "Kuko nini mupya?" Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walidhani nimepigiwa na mchumba.

Hilo ndilo swali alilouliza kila alipoitwa kwenye mtambo uliogoma, kabla hajafungua mkoba wake wa spana. Alikuwa fundi wa umeme wa mitambo mikubwa, greda na eskaveta na yale matingatinga ya kusukuma udongo. Alizaliwa Kongo, akaletwa na vita kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma miaka mingi iliyopita, akafungua gereji ya mabati kando ya barabara, na humo akawa bingwa wa ugonjwa mmoja ambao mafundi wengine waliuogopa kama nge: mtambo unaokataa kuwaka kwa sababu haumtambui mwenye ufunguo. Nyinyi mnaonisoma hapa mnajua masomo yangu yaliishia kidato cha pili, kwa hiyo nitawaeleza vile alivyonieleza. Zamani, alisema, ufunguo mmoja uliweza kuwasha eskaveta zote za kampuni moja, na mwizi alihitaji mmoja tu. Siku hizi ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna kidude kidogo kama punje ya mchele, na kuzunguka tundu la ufunguo kuna waya uliojiviringa kama bangili. Ukichomeka ufunguo, bangili inauliza, wewe nani? Punje inajibu jina lake. Jina likiwa sawa, injini inapewa ruhusa. Likiwa si lenyewe, au lisiposikika, mtambo unalala pale pale kama ngamia aliyekasirika, na hakuna matusi yatakayouinua.

Nilipenda namna alivyoukaribia mtambo uliolala. Alikuwa na shada kubwa la funguo za kila aina, masalia ya mitambo mingi, lakini alipokwenda kujaribu ufunguo wa mtu alilibeba mkono wa kushoto, nyuma ya mgongo, mbali, kama bwana harusi anayeficha maua. Funguo nyingi zikikaa pamoja, alisema, zinajibu zote mara moja kama wanafunzi wa darasa la kwanza, na mtambo hausikii jina la mtu. Nilikuwa nikimcheka. Sikujua kwamba shada hilo litakuja kunitoa machozi na kicheko kwa pamoja.

Sasa niwape kisa chenyewe, na nikikimaliza mtajua kwa nini nimekificha miaka miwili. Wakati huo nilikuwa mshika bendera kwenye kazi ya kuchimba silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua, nje kidogo ya Kakuma. Kazi yangu ilikuwa kusimamisha malori na kuyaruhusu, na katikati ya lori na lori nilikuwa na nafasi nzuri ya kuota. Opereta wa eskaveta yetu alikuwa kijana wa Kaikor, mtoto wa wafugaji, wa kwanza kwao kukabidhiwa mtambo. Mnajua desturi yetu: mwanamume wa Kiturkana ana emong, yule dume mmoja wa ng'ombe wa kujivunia, anayempamba, anayemvika kola na kengele na kumwimbia mbele za watu. Basi yule kijana aliigeuza eskaveta kuwa emong wake. Asubuhi aliizunguka akiipigapiga ubavuni, akiuinua ule mkono wa chuma hewani aliuimbia, na jioni aliiambia ilale salama. Mimi nikitazama hayo yote chini ya jua, bendera mkononi, moyo ukawa unaniruka kama mwanambuzi. Nikasema emong gani huyu asiye na kola? Jumamosi nikamwomba opereta aniibie ufunguo hadi Jumatatu. Ilikuwa marufuku ufunguo kutoka kwenye kazi, ulipaswa kuning'inia kwenye msumari katika ofisi ya msimamizi, lakini askari wa zamu alikuwa rafiki yake na akajifanya anatazama upande mwingine. Jumapili nzima nilikata bati la sufuria kuukuu, nikalifua kwa jiwe, nikalizungusha kichwa cha ufunguo likakaza vizuri, na juu yake nikashona shanga nyekundu, nyeupe na nyeusi. Bati lilinikata vidole vitatu. Jumatatu alfajiri ufunguo ulirudi umependeza, opereta akautazama, akanitazama, akasema neno moja tu, "Ejok," yaani vizuri, na mimi nikatosheka nalo kama mtu aliyeshiba nyama.

Dakika tano baadaye eskaveta ilikataa kuwaka. Fundi wa pale kazini akabadilisha betri, ikakataa. Akafungua stata, akaikagua, akairudisha, ikakataa. Kufikia saa sita msimamizi, mtu wa huko Kenya, kama tunavyosema sisi wa huku tukimaanisha kusini, alikuwa amejaa vumbi na shaka. Akatupanga mstari.

"Jumapili ufunguo ulikuwa wapi?"

"Kwa ofisi, bosi," akasema opereta. "Kwa msumari wake."

"Askari?"

"Kwa msumari, mkubwa. Niliuona na macho yangu."

"Basi waya zimechezewa na nani, malaika?" Akamgeukia opereta. "Sikiza, kijana. Saa kumi pikapu inarudi Lodwar. Kama hii kitu haijanguruma, unapanda nyuma na begi yako. Na barua nitaandika vile nimeona: ameharibu mtambo."

Opereta aliyeandikiwa barua ya namna hiyo hashiki tena usukani wa mtambo, si hapa, si kwingine. Nilijua hivyo, na nilijua pia ufunguo ulilala kwangu, lakini haki ya Mungu sikujua kwamba shanga zina kosa. Niliona tu kwamba nikisema ufunguo ulitoka, opereta atafukuzwa kwa hilo na askari atafukuzwa naye. Nikanyamaza. Hata shanga hazikumshangaza mtu. Huku kwetu nani anashangaa kuona shanga?

Saa nane fundi wa Kakuma akafika kwa bodaboda, mkoba mapajani. Akatusalimu mmoja mmoja kwa Kiturkana chake kilichopinda, "Ejok? Ejok?", akafuta jasho, akauliza swali lake. "Kuko nini mupya?"

"Mzee, hatujakuita kwa habari," akasema msimamizi. "Tumekuita kwa mtambo."

"Patron, habari ya mashini iko kwa batu."

Tukamjibu kwa sauti moja kama kwaya: hakuna mpya. Akatutazama, opereta, askari, na mimi, akacheka kidogo puani. "Sawa. Mashini haisemake bongo. Batu njo banasemaka bongo." Bongo, kwa Kiswahili cha kwao, ni uongo. Alisema mashine haidanganyi, watu ndio hudanganya, na alisema bila hasira hata chembe, kama mtu anayesema leo kuna joto.

Akapanda kwenye kiti, akachomeka ufunguo wetu. Taa ndogo yenye picha ya kufuli ikaanza kupepesa polepole, kama mtu mwenye usingizi. Akauchomoa. Akachagua kwenye shada lake ufunguo wa eskaveta nyingine ya aina ile ile, akauondoa, shada akalirudisha nyuma ya mgongo, akachomeka ule mmoja. Taa ikapepesa haraka haraka. Akaitazama, halafu akaniita, sijui kwa nini aliniita mimi. "Mama Drapo," akasema, na tangu siku hiyo hilo likawa jina langu, drapo ikiwa ni bendera kwao, "unaona? Huyu mugeni, mashini inamuona, inamukataa. Huyu wa nyumbani, haimuoni hata kidogo. Sasa mutu wa nyumbani asionekane kwa mulango wake, juu ya nini?"

Akaugeuza ufunguo kiganjani. Akagusa shanga. Akachungulia chini ya shanga, akaona bati. Halafu macho yake yakaanza safari. Yalimpitia opereta, yakampitia askari, yakafika kwangu, yakashuka mpaka kwenye vidole vyangu vitatu vilivyofungwa vitambaa. Nikavificha ndani ya bendera. Nadhani hakuna bendera duniani iliyowahi kukunjwa kwa kasi ile.

"Patron," akasema, "peleka batu chai. Mashini haipendi macho mingi. Mama Drapo abakie, anifanyie kivuli na drapo yake."

Walipoondoka akatoa koleo, akalifungua lile bati taratibu kama mtu anayemvua mtoto shati, bila kukata uzi hata mmoja. "Bati yako imemufunika mudomo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Anasema jina yake, hakuna anayesikia." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aliyekuwa anampandisha opereta kwenye pikapu na begi lake ni mimi, kwa mikono yangu na mapenzi yangu na sufuria yangu. Nikaanza kulia. "Unalia nini sasa? Kuvalisha si mubaya," akasema. Akautia ufunguo mtupu. Taa ya kufuli ikawaka, ikazimika, na eskaveta ikanguruma mpaka kunguru wakaruka. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Msimamizi alikuja mbio na kikombe mkononi, chai inamwagikia viatu. "Ilikuwa nini?"

"Kulikuwa kipande ya bati mahali habari inapitia. Nimetoa."

Msimamizi akaandika kwenye kitabu chake: kipande cha bati. Nawaapia, halikuwemo neno la uongo pale. Akamshika opereta mkono, hakuomba msamaha lakini alimshika mkono, na ile barua haikuandikwa. Opereta alikuwa amefurahi mpaka meno yote yako nje, kisha akaupokea ufunguo na uso ukazimika. "Mzee, na kola yangu?"

"Shanga? Zilinizuia kazi, kijana. Nimezitoa. Pole."

Nawaambia, kwetu kugusa kola ya emong wa mtu si jambo dogo. Opereta alimgeuzia mgongo. Miaka miwili iliyofuata, kila alipotajwa fundi wa Kakuma, alisema maneno yale yale: "Kazi anajua. Lakini mkono wake hauna heshima." Na mimi nilikuwa nimeketi hapo hapo, ninasikia, ninajua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi kata nilijitundika ukutani nikanyamaza. Mwanzo nilisema nitamwambia kazi ikiisha. Kazi ikaisha, silanga likajaa, mbuzi wakanywa, opereta akahamia kazi ya Kaikor, mimi nikaja Lodwar kuandika haya ninayoyaandika. Nilipompigia fundi kumwomba radhi, alicheka. "Mama Drapo, ile mashini inatembea ao haitembei?" Inatembea, Papa. "Basi."

Nimefikiri sana tangu simu ya yule muuza mkaa. Nimewaona mafundi wengi wakifika kwenye mtambo wakiwa tayari na jibu, wanakata waya hapa, wanaunganisha pale, wanauruka ulinzi wote ili mradi kitu kingurume, na wiki ijayo mtambo haulali tu, unakufa. Nimewaona watu wakitendewa vivyo hivyo, kazini na nyumbani. Mtoto amenyamaza, anachapwa. Mfanyakazi amechelewa, anaandikiwa barua. Hakuna aliyeuliza kuna nini kipya. Siku moja nilimuuliza yeye alijifunzia wapi subira ile. Alikuwa anakula ugali na dagaa, hakuinua hata macho. "Mimi, toka nilitoka kwetu, kila mulango naulizwa, weye nani? Nasema jina yangu, banasema hawajasikia. Njo maana nazisikilia mashini." Halafu akaniomba chumvi. Mji wetu unabadilika, mitambo inakuja mingi, kila kitu sasa kinataka kukutambua kabla hakijakufungulia, simu, mlango wa benki, lori. Sina ugomvi na hayo. Ningependa tu tubaki na mtu mmoja kila mahali anayejua kwamba asiyesikika pengine amefunikwa mdomo.

Basi nikaenda Kakuma kumzika. Nyumbani kwake kulijaa watu wa kambini na wa mjini, Wakongo, Wasomali, Waturkana, mafundi wa mikono myeusi kwa grisi waliojaribu kuioga wakashindwa. Opereta wa Kaikor alikuwepo pia, kofia mkononi, amesimama pembeni kama mtu aliyekuja kwa adabu tu. Jeneza likapakiwa kwenye pikapu. Dereva, kijana wa gereji ya marehemu, akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Kimya kabisa. Mkiwa mmewahi kuona mafundi kumi na wanne kwenye matanga ya fundi na gari limekataa kuwaka, mnajua kilichofuata: boneti ilifunguka kabla dereva hajashuka. Mmoja akasema betri. Mwingine akasema fyuzi. Wa tatu alikuwa tayari ameshika waya na kisu. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukiuliza, "Kuna nini kipya?"

"Hakuna mpya, dada," akasema dereva.

Kicheko kilianzia nyuma, kwa mafundi wazee waliolijua swali lile na jibu lake, kikaja mbele kama upepo wa mvua. Mjane, aliyekuwa hajainua kichwa tangu asubuhi, akainua. "Sema kweli, mutoto wangu. Mafunguo ya Papa nilikupatia unishikie. Umeyaweka wapi?"

Dereva akatazama chini ya usukani. Ili yasipotee, alikuwa ameyatia yote kwenye pete moja na ufunguo wa pikapu, na shada zima lilining'inia pale, kila punje inapiga kelele ya jina lake. Akautoa ufunguo wake peke yake, akageuza, gari likawaka mara moja. Akina mama wakapiga vigelegele huku machozi yanawatiririka, na mtu akasema Papa alikuwa anaaga funguo zake kwanza.

Shada likapita mikononi kurudi kwa mjane, likamfikia opereta. Nikamwona amelishikilia. Katikati ya zile funguo kulikuwa na kola ndogo ya shanga nyekundu, nyeupe na nyeusi, bila bati, imeshonwa upya kwenye kipande cha ngozi. "Hii ni yangu," akasema. Hakupaza sauti. "Kumbe mzee aliichukua."

Mjane alimsikia. Niliuona uso wake ukianguka, mbele ya jeneza la mumewe. Sasa nilikuwa na chaguo moja tu, na nashukuru miguu yangu ilitembea kabla sijaanza kuota. "Hakuichukua," nikasema. "Alinificha." Nikasema yote pale pale, injini ikinguruma: bati, sufuria, vidole, Jumapili, bendera. Nilisema nikimtazama mjane nusu na opereta nusu. Nilipomaliza, opereta alikuwa amechuchumaa, ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Akainua uso.

"Mama Drapo. Yaani ni wewe ulitaka kunirudisha Lodwar na begi."

"Nilitaka emong wako apendeze."

"Alipendeza," akasema. "Alipendeza mpaka akashindwa kusema jina lake."

Hapo hata mjane alicheka, mkono mdomoni. Akamwambia opereta achukue kola yake, marehemu alikuwa akisema mwenye nayo atakuja siku moja kuiona. Opereta akaitazama, akaishika kidogo, akairudisha pamoja na shada. Halafu akavaa kofia, akaweka mguu kwenye gurudumu, akapanda nyuma ya ile pikapu, bila begi, akakaa kando ya jeneza na kulishika kwa mkono mmoja lisitikisike njiani.

Mimi nilitembea nyuma ya gari na wengine. Somo la fundi mmekwisha kulisikia: uliza kuna nini kipya kabla hujashika kisu. Langu ni dogo kuliko hilo, na limenigharimu miaka miwili. Ukiulizwa, na kitu kipya ni wewe, sema wakati aliyekubebea lawama bado anaweza kukucheka. Mimi nilichelewa. Dereva ananiambia nisijali, kwamba Papa alikuwa mita mbili tu kutoka niliposimama na alisikia kila neno, kwa sababu pikapu ile haikukohoa tena hata mara moja mpaka kaburini.